Wimbo Usiorudi Nyumbani

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Wimbo ukiisha vizuri, watu kanisani wameshaanza kufuta machozi, yeye hugeuka kwetu, uso mkavu, na kusema kwa sauti ya chini, "Turudie." Usidhani ni mazoezini tu. Nimewahi kumsikia akisema hivyo kwenye harusi, bibi harusi amesimama mlangoni na shela lake, jua linawaka, na besi wetu mmoja ana njaa mpaka anaimba akitazama sufuria za pilau. Tukarudia.

Kwao wapi na ukoo wake upi, waulizwe wenyewe. Mimi namjua kama Mwalimu, na hakuna mtu kule mlimani Mbololo aliyemwita vingine, hata mkewe alipokuwa hai. Nashona nguo Voi mjini, duka langu liko nyuma ya soko, na miaka yangu yote ya utu uzima nimekuwa nikifunga duka mapema Jumamosi na kupanda Mbololo kuimba alto chini ya mkono wake. Ukisimama mbele ya mkono wa mtu muda wote huo, unamjua. Nilijua akiwa na homa kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Alitulaza sakafuni, watu wazima na heshima zetu, kitabu cha nyimbo juu ya tumbo, akitaka kuona kitabu kikipanda na kushuka. "Pumua kwanza, uimbe baadaye. Nyinyi mnataka kuimba kama watu wanaokimbizwa na nyuki." Alikuwa na kile chuma chake cha kutafutia sauti, chenye meno mawili kama uma uliopoteza meno mengine, na alikigonga popote: gotini, kwenye kiti, siku moja kwenye pembe ya mbuzi aliyekuwa amefungwa nje, mbuzi wa mchungaji. Alikiweka sikioni, akafumba macho, akatupa do, noti ya kuanzia. Solfa yetu, zile do, re, mi, aliiandika ubaoni kwa chaki na alikataza mtu kunakili. "Ukiweka kwenye karatasi utaiacha nyumbani. Weka kichwani, kichwa huwezi kukisahau kwenye kochi."

Kelele alizichukia. Makofi kanisani hakuyataka, spika hakuzitaka, na mwenye mashine ya posho jirani na kanisa alikuwa amezoea kuzima injini Jumamosi jioni, si kwa hiari yake, ila kuepuka kusimamiwa na Mwalimu mlangoni bila kusema neno. Kumbuka hilo, kwa sababu Mwalimu huyohuyo ndiye ninayetaka kukueleza alivyokuja kupenda muziki wenye kelele kuliko yote niliyowahi kusikia. Na alivyoupenda, jamani, ulimgharimu kwaya yake.

Kitu alichokijali kuliko Pasaka na Krismasi kilikuwa mazishi. Kwetu, jeneza likianza kuteremka kwaya huanza kuimba, na haiachi mpaka udongo wa mwisho. Wanaume wanapokezana majembe, sisi tunapokezana pumzi. Mwalimu hakuchagua maiti. Aliwaimbia wazee wa kanisa na aliwaimbia walevi. Aliwahi kumwimbia mtu aliyemwibia kuku, na alimwimbia beti zote. Mzee mmoja wa kanisa alipomuuliza kwa nini tunamchosha Mungu kwa ajili ya mlevi ambaye hajakanyaga ibadani, Mwalimu alimjibu, "Maiti hana kanisa. Ana wenyewe. Na wenyewe wamekaa pale wanasikia."

Lakini kulikuwa na mlango mmoja aliokuwa akiufunga. Mtu aliyejitoa uhai hakuingizwa kanisani na hakuimbiwa. Ndivyo ilivyokuwa kanuni ya kanisa letu, na Mwalimu aliishika kwa mikono miwili. Mghoi, soprano wetu, sauti ambayo ikipanda hata watoto wanaacha kulia, alifiwa na dada yake hivyo. Tulifika mazishini na vitabu vyetu. Mghoi alikuwa amekaa na wafiwa, leso kichwani, anasubiri. Mwalimu akaambiwa marehemu alivyofariki, akatugeukia akasema, "Fungeni vitabu. Kanuni ni kanuni." Binti wa watu akafukiwa kimya kimya, unasikia majembe tu.

Mghoi alirudi kwaya baada ya muda, maana mtu mwenye sauti ile atakaa nayo wapi? Ila tangu siku hiyo hakumtazama Mwalimu usoni. Aliimba akitazama dirisha. Aliingia mahali pake sawasawa bila kuona mkono, kwa kusikiliza sisi tunavyovuta pumzi. Sote tulijua, na Mwalimu alijua.

Sasa kijana wa Mwalimu. Mwakio alikuwa mtoto pekee, na alikuwa tenor. Si kwamba namsifu kwa kuwa amekufa. Kijana alikuwa na sauti safi, na alisimama upande wa kushoto wa baba yake tangu sauti ilipovunjika kwa kubalehe hadi alipoenda chuo Nairobi. Mwalimu akiwaita tenor aliinua mkono wa kushoto, na ungedhani mkono ule umefungwa kwa uzi kwenye kifua cha Mwakio.

Chumbani mwake, lakini, Mwakio alikuwa na muziki wake. Aliuita black metal. Bendi za nchi za baridi huko, watu waliojipaka uso mweupe na mweusi, magitaa yanayovuma bila kupumzika, ngoma za haraka kama mvua ya mawe kwenye bati, na juu yake mtu anapiga mayowe. Alikuwa na fulana zake nyeusi zenye mafuvu na maandishi kama mizizi ya mti, huwezi kusoma hata ukilazwa juu yake. Mwalimu alikuwa akizima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. "Zima hiyo takataka, nyumba hii ina masikio." Na Mwakio, kijana mpole, alikuwa akicheka tu gizani.

Aliporudi kutoka Nairobi hakuwa anacheka. Alikuwa amekonda, alilala mchana, akiulizwa anasema amechoka. Tulidhani ni malaria, tulidhani ni mapenzi, tulidhani mengi, na kila mtu alileta chakula chake. Mimi nilipeleka kimanga, mihogo yetu ya kuponda na maharagwe. Akakiangalia kile kimanga, akaniambia, "Asante, shangazi," kwa adabu kabisa, nikaona amerudisha sahani vilevile. Siku moja alimfuata baba yake uani akamwambia, "Baba, sikiliza wimbo huu mmoja tu." Mwalimu alikuwa anatoka kwenda mazoezini. Akamwambia, "Kesho."

Tangu hapo sijamsikia Mwalimu akipanga jambo kwa neno hilo. Akipanga mazoezi anasema Jumamosi, hata kama leo ni Ijumaa.

Mwakio alijitoa uhai kabla ya hiyo kesho. Sitaeleza zaidi. Alizikwa shambani kwao, kwenye ngazi ya chini ya mteremko, maana mashamba yetu yamekatwa ngazi-ngazi, chini kidogo ya shamba la kina Mghoi. Kwaya ilikuja, ikasimama, vitabu vimefungwa. Mwalimu alisimama mbele yetu kwa mazoea, mikono imening'inia, na alipotutazama kuona kama kuna atakayeanza, mchungaji alitikisa kichwa. Akageuka akatazama jeneza likiteremka. Kanuni ilikuwa yake.

Mzee wa kanisa alitaka zile fulana zichomwe, akasema mafuvu ndiyo yaliyomwita kijana. Hapo ndipo Mwalimu alipofungua kinywa mara ya kwanza siku ile. "Mzee wangu, babu yako na babu yangu wamepangwa pangoni kule juu, vichwa vitupu, wanatazama mashamba yetu. Wazee wetu waliwaweka pale kwa heshima. Ukianza kuchoma mafuvu utaanzia wapi, hapa au kule juu?" Mzee akanyamaza. Fulana zilichomwa hata hivyo, maana mzee akinyamaza huwa amewatuma wengine. Simu ya Mwakio ilinusurika kwa kuwa ilikuwa mfukoni mwa baba yake.

Kwa hiyo, mzigo wa Mwalimu ulikuwa huu: mwanawe alikuwa amelala ardhini bila kuimbiwa, yeye aliyewaimbia walevi na wezi wa kuku. Alimwendea mchungaji akaomba kwaya iimbe siku ya kusakafia kaburi. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena. Akaambiwa, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kanuni hii." Alirudi kwenye ubao wake akatufundisha nyimbo za mavuno, na sauti yake ilikuwa kavu kama maganda ya mahindi.

Siku aliyoingia dukani kwangu na ile simu, nilikuwa napinda kanzu za kwaya. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akachomoa waya wa kusikilizia, akanipa kipande kimoja cha sikio na yeye akabaki na kingine. "Wakesho, weka hapa. Usisikilize juu. Sikiliza ndani."

Nikaweka. Yesu wangu! Ilikuwa mashine ya posho iliyokosa mahindi, na mwenye mashine amebanwa mkono. Nikakitoa.

"Rudisha," akasema. "Subiri."

Nikarudisha kwa ajili ya heshima. Na kweli, ukiacha kupigana nayo, chini ya ule mvumo kulikuwa na kinanda, kikubwa, na fidla nyingi, na chini kabisa, mbali, kwaya. Kwaya ya watu wazima, inaimba "aaa" tu, pole pole, kama watu wanaopandisha maiti mlimani. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kuna alto humu," akasema. "Wazuri. Hawakimbilii pumzi kama nyinyi."

Hata pale hakuniacha! Akaanza kunieleza, na alipoanza hakunyamaza mpaka nikawasha taa. Alikuwa amesikiliza kila kitu kilichomo kwenye simu ile, akitembea, akilima, akipika. Wanamuziki wale aliwagawa mafungu mawili. Kulikuwa na wale wa kinanda, wenye kwaya na fidla, na hao ndio waliomfungulia mlango, kwa sababu alisikia kazi ndani yake, aliona mtu amekaa chini akapanga sauti. Halafu kulikuwa na wale aliowaita wa chumbani. Hao ni mtu mmoja mmoja, amejifungia, anapiga kila chombo peke yake, gitaa moja linarudia noti chache kwa huzuni, wimbo mrefu kama mahubiri, na kilio kinatoka mbali kana kwamba kimerekodiwa ndani ya pipa la maji. "Huyu hapigi kelele," Mwalimu alisema. "Huyu analia. Ila anaharibu koo, maskini, hakuna aliyemfundisha kupumua." Na alikuwa anamhurumia kweli, mtu wa nchi ya theluji asiyemjua jina, kama angeweza angemlaza sakafuni na kitabu tumboni.

Nilimuuliza lile swali ambalo kila mtu Mbololo alikuwa analiuliza mgongoni mwake. "Mwalimu, si ndio muziki uliomuua?"

Alikunja ule waya taratibu. "Nami nilidhani hivyo. Nilianza kusikiliza ili nipate wa kumchukia. Lakini baada ya kumzika, mimi mwenyewe sikutaka kuamka, Wakesho. Watu walikuja wakaniambia nisilie, nimshukuru Mungu, nijikaze. Huyu mtu wa chumbani peke yake hakuniambia nijikaze. Alilia na mimi mpaka kukacha. Muziki huu haukumuua mwanangu. Ulimchelewesha. Na aliponiita nisikilize alitaka nijue anapolia."

Nililia pale juu ya kanzu ya mtu wa besi, na sikuona aibu.

Ngoma zile za haraka, alisema, si ngeni. Nyanya yake alipigiwa mwazindika, zile ngoma za zamani za kwetu za watu waliopandwa na huzuni na pepo. Alicheza, akapiga mayowe mbele ya watu wote, akaanguka, akaamka akaomba uji. "Tukaziita za shetani tukazifukuza. Mtu akihuzunika sasa tunampa kidonge na mstari wa Biblia, tunamwambia alale." Na huyu ndiye aliyekuwa akikataza makofi! Nilimkumbusha. Akasema, "Makofi bado sitaki."

Alianza kufanya vituko. Msimu ule ndovu walipanda jioni moja kutoka nyikani hadi mashamba ya chini, watu wakapiga madebe na kuwasha moto. Mwalimu akatoa spika ndogo akaichomeka kwenye simu, akawawekea wale wa kinanda kwa sauti ya juu kabisa. Tulitegemea watoroke wafike mbali kule mlima Kasigau. Ndovu walisimama, wakatandaza masikio, wakatulia. Kisha mkubwa wao akang'oa mgomba wa Mwalimu mwenyewe akaendelea kula. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na Mwalimu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Angalau wao wamesikiliza mpaka mwisho," akasema.

Lakini kichwa chake hakikuwa kwa ndovu. Jumamosi iliyofuata tulikuta ubaoni solfa mpya, sauti nne, bila maneno. Alisema ni wimbo wa kupasha sauti moto. Ulianzia noti ya la, ukapanda do, ukashuka ti, la, so, ukazunguka hapohapo, pole pole, ukaishia la. Sasa, nyimbo zetu zote za kanisani zinarudi do. Do ndiyo nyumbani, mtoto yeyote wa shule ya Jumapili anajua. Huu haukurudi. Alto tulikuwa wabaya kuliko wote: tukifika mwisho tunateleza wenyewe hadi do, na chaki inagonga ubao. "Alto! Mnakimbilia nyumbani tena. Wimbo huu hauendi nyumbani. Msiulazimishe. Turudie."

Tuliuimba kila Jumamosi, mpaka ukaingia mwilini. Nikishona nilijikuta nauimba, mashine inashika mwendo wake. Mghoi aliuimba akipalilia, watu wa bondeni wakimsikia. Watu wakaanza kuja kanisani mapema Jumamosi, wakae nyuma, wasikilize tu ule wa kupasha moto. Mama mmoja aliyefiwa alikuja akatuomba tumwimbie ule usio na maneno. Mchungaji mwenyewe nilimwona kwa macho yangu, amesimama karibu na mlango, ameinama, mabega yanacheza.

Ijumaa Kuu mchungaji akataka uimbwe ibadani. Tuliuimba. Kanisa lilikuwa kimya, hata watoto. Tulipomaliza mchungaji akapanda mimbari akasema Roho ametutembelea Mbololo, na akamwomba Mwalimu asimame alitaje jina la mtunzi, tumwombee baraka.

Angeweza kusema hamjui, na ingekuwa kweli nusu. Ningekuwa mimi ningesema hivyo nikakaa. Mwalimu alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Jina lake halisi silijui. Ni mmoja wa wale watu wa black metal. Wimbo huu ndio mwanangu aliotaka nisikilize, nikamwambia kesho. Nimeutoa kwenye gitaa nikaugawa sauti nne. Sauti ya tenor ni ya Mwakio."

Kisha mzee wa kanisa akainuka, kidole juu, akasema tumeletewa shetani madhabahuni, na vurugu ikaanza. Mwalimu alisubiri ipungue. Akasema maneno machache tu, bila kupandisha sauti: "Mlilia. Mimi niliwaona mkilia, na sikuwalazimisha."

Kamati ya kanisa ilikaa. Wakamwambia aufute wimbo, atubu mbele ya watu, aendelee na kwaya. Aliingia kwenye chumba cha mazoezi nikiwa nafagia. Akachukua kitambaa akaufuta ubao, pole pole, akaanza na besi, akapanda. Kutubu hakukubali; akaacha ufunguo wa kabati la kwaya juu ya kiti.

"Mwalimu," nikamwambia, nimekasirika, sijui nimekasirikia nani, "ulitudanganya?"

"Sikuwadanganya. Niliwafundisha," akasema. "Nilitaka aimbiwe hata kama hamjui mnamwimbia nani. Nikadhani itanitosha." Akavaa kofia. "Haikutosha."

Kwaya ikapewa kijana mwenye kinanda cha umeme. Ni kijana mzuri. Tunapiga makofi sasa.

Nilikaa muda bila kumwona. Nilisikia yuko shambani, nikasikia anaonekana Wundanyi kwa binti wa dada yake, nikasikia amezeeka ghafla. Watu walisema amerukwa na akili kwa kuwa anatembea na ule waya masikioni, na mimi nikawajibu vibaya sokoni, wakanikoma. Kisha asubuhi moja ya jua kali, malori yanapita barabara kuu, mteja wangu anabishana nami juu ya mikono ya blauzi, Mwalimu akasimama mlangoni. Koti lilikuwa linamzidi. Alimngoja mteja aondoke.

"Wakesho. Una kazi nyingi?"

"Kazi haiishi, Mwalimu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Jana nilikwenda kwa kina Mghoi. Nilimwomba mama yake ruhusa nikasimama kaburini kwa yule binti, dada yake, nikamwimbia. Besi peke yake." Akatazama mikono yake. "Hakisikiki kitu, Wakesho. Besi peke yake ni mtu anayenung'unika. Na kwa Mwakio huwa naenda, naimba hivyohivyo. Wimbo ni mzigo wa watu wanne. Nimeubeba peke yangu nimechoka." Akavua kofia. "Sijaja kukugombanisha na kanisa. Nimekuja kukuuliza kama bado unaikumbuka alto."

Nilizima mashine. Nikafunga duka, na mikono ya blauzi ya yule mama ikabaki mezani bila bega.

Kaburi la Mwakio lilikuwa bado la udongo, ila limepaliliwa vizuri, na mpaka wa mawe umepangwa. Mwalimu alitoa kile chuma chake akakigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho. Akanipa la. Tukaanza. Sauti yake ilikuwa imechakaa, na yangu ilitetemeka, na kwa kweli tulikuwa watu wawili wazima wanaonung'unika juani. Nilitaka kuacha. Aibu ilinishika, na uchungu.

Ndipo soprano ikaingia. Ilitoka juu, kwenye ngazi ya shamba la kina Mghoi, mahali pake sawasawa, bila haraka. Mwalimu hakugeuka, lakini nilimwona bega likishuka. Mghoi alikuja akiteremka, ngazi moja baada ya nyingine, jembe mkononi, anaimba, akafika akasimama ng'ambo ya kaburi. Alikuwa anamtazama Mwalimu usoni. Miaka yote ile ya dirisha, na sasa alikuwa anamtazama.

Tulifika pale tenor wanapoingia peke yao. Sisi watatu tukanyamaza, kwa sababu ndivyo ulivyo wimbo. Mwalimu akainua mkono wa kushoto. Ukakaa juu. Upepo ulipita kwenye mahindi, mbuzi wa mtu akalia bondeni, na sote watatu tukahesabu kimya sauti ya Mwakio mpaka ikaisha. Akaushusha mkono, tukaendelea.

Mwisho nilishindwa. Nilitafuta mahali pa kupumzikia, nikateleza hadi do.

Mwalimu alifuta uso kwa kiganja. Akatutazama, Mghoi kwanza, kisha mimi.

"Alto," akasema kwa sauti ya chini, "umekimbilia nyumbani tena. Turudie."

Tukarudia.